Vema Zilizohama

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, karani wa masjala alifungua kabati la chuma namba tatu ili apanguse vumbi mafaili ya utafiti wa ini na utumbo, akakuta alama za vema arobaini na mbili zimehama kwenye fomu za washiriki. Ijumaa alipofunga kabati zilikuwa kwenye kisanduku cha Hapana. Sasa zilikuwa kwenye Ndiyo, wino uleule, mkazo uleule wa kalamu, na kule zilikotoka karatasi ilikuwa nyeupe kabisa. Karani alizihesabu mara mbili, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, kisha akapanda ghorofani kumwuliza mtafiti kama aziandike kwenye rejista ya mafaili yaliyoingia au yaliyotoka.

"Hazijaingia wala hazijatoka," mtafiti alisema. "Si ziko kwenye karatasi ileile?"

"Ndiyo maana nauliza, dokta."

Wakachora safu mpya.

Fomu ilikuwa na maswali tisa. La tisa lilisema: Endapo utafiti utagundua jambo linalohusu afya yako, ungependa kujulishwa? Washiriki walikuwa elfu moja mia moja na kumi na wawili, na wote, bila kubaki hata mmoja, waliweka vema kwenye Hapana. Si kwamba hawakujali miili yao. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya korido ya kliniki tangu alfajiri, wengine macho manjano, wengine wamejishika tumbo, na walipofika swali la tisa walimwinulia mtafiti uso wakauliza: hapa niweke wapi? Naye aliwaonyesha kwa ncha ya kalamu. Kila aliyejibu Ndiyo alipaswa kwanza kuzungumza na mshauri nasaha, na taasisi haikuwa imeajiri mshauri nasaha.

"Weka hapo tu, mama, tusikuchoshe," alikuwa akisema. Alisema kwa upole na kwa haraka, na baadaye aliyajutia maneno hayo kuliko yote aliyowahi kuyasema maishani. Lakini siku zile alikuwa anahesabu vichupa vya damu, na vichupa vilikuwa havitoshi.

Jumatatu iliyofuata zilihama vema sitini. Za kwanza kuhama, karani aliona, zilikuwa za marehemu, wale ambao majalada yao yalikuwa na mstari mwekundu pembeni. Wazima walifuata taratibu, kama watu wanaopishana mlangoni. Ukiweka sikio kwenye kabati mchana ulisikia mchakacho mdogo, mfano wa dumuzi kwenye gunia la mahindi. Mtu wa stoo alijaribu kufunika moja kwa wino mweupe. Ikatokea upande wa pili wa karatasi, kwenye Ndiyo, imekaa sawasawa.

Mkurugenzi aliitisha kamati ya maadili. Kamati ilikaa mara tatu, ikanywa chai mara tatu, na ikaamua kwamba fomu inasomwa kama ilivyokuwa siku iliposainiwa, si kama inavyojisikia leo. Kwa uthibitisho zililetwa nakala zilizotolewa siku zilezile za kusaini. Nakala nazo zilihama, ila zilichelewa wiki moja, kama ilivyo kawaida ya nakala. Kamati ikasema ushahidi ni kumbukumbu ya mtafiti mwenyewe. Mtafiti alisimama akakubali kwamba ndiyo, anakumbuka, wote walisema Hapana. Alikaa chini amekatwa maini, msemo ambao pale ofisini haukutumiwa sana kwa sababu kulikuwa na chumba walikoyakata kweli.

Kitu kilichogunduliwa hakikuwa kidogo. Katika mwaka wa tatu wa kazi, mtafiti alikuwa ameona kwamba koo kumi na tisa zina herufi moja ya vinasaba iliyokosewa mahali palepale. Mwenye kosa hilo, mirija yake ya nyongo huvimba na kuziba polepole, ini likaharibika, na utumbo mpana ukafuata. Polepole ndiyo neno lenyewe. Anayejua mapema hupimwa kwa kamera kila mwaka, na uvimbe mbaya ukianza unakutwa ungali mdogo. Asiyejua huja hospitali siku mwili unapomleta wenyewe.

Namba 417 alikuwa na kosa hilo. Namba hazikuwa na majina, lakini hii mtafiti alikuwa ameiandika kwenye kichupa kwa mkono wake, akakibandika, akakipuliza wino ukauke. Ilikuwa damu ya mdogo wake, fundi wa makochi, ambaye watu walimwita Bonge tangu shule ya msingi na waliendelea kumwita hivyo hata sasa suruali zikimvuka. Baba yao alikufa macho yakiwa ya manjano, kwa hiyo wote wawili walifaa kwa utafiti. Ya mtafiti mwenyewe, 416, ilikuwa safi.

Siku ile alipotoa damu, Bonge alipofika swali la tisa aliisukuma fomu kwa dada yake. "Niwekee wewe," alisema. "Mimi ninaogopa sindano. Karatasi ni zako." Naye akamwekea.

Mtafiti hakumwambia. Sheria ya utafiti ilikataza kumjulisha aliyesema Hapana, na aliyevunja sheria hiyo alifungiwa maabara na data yake kufutwa. Alijiambia kwamba koo kumi na nane nyingine zitapotea kwa sababu ya ndugu mmoja. Ilikuwa sababu nzuri, na alijificha ndani yake. Bonge aliposema anawashwa mwili mzima, hasa viganjani, alimnunulia losheni. Bonge aliposema anachoka kabla hata ya kumaliza kochi moja, alimwambia apunguze kazi. Alijitia hamnazo, yeye aliyejua kuliko mtu yeyote katika jengo lile.

Kwa hiyo vema zilipoanza kuhama, mtafiti alifurahi, na furaha hiyo hakumwonyesha mtu. Alipanga kwamba ya mdogo wake ikihama atakuwa amepewa ruhusa. Kamati iseme itakavyo, mwenyewe atakuwa ameomba kujua. Kila Jumatatu alishuka masjala, akajifanya anatafuta faili lingine, akafunua 417. Wiki ya tano haikuhama. Wiki ya kumi na mbili, vema mia tisa zilikuwa zimeshavuka, na yake ilikuwa palepale kwenye Hapana, mkia umepinda kidogo. Katika mwezi wa saba tangu zianze kuhama, ikawa imebaki peke yake kwenye kabati zima. Mtafiti aliifikicha kwa kidole. Aliigeuza fomu kichwa chini, akaitikisa.

Karani alikuwa akimtazama muda wote huo juu ya miwani.

"Hiyo haitahama, dokta."

"Kwa nini?"

"Hizi zote zimewekwa na wenyewe. Hiyo mkia wake ni kama wa vema zako unazoweka kwenye daftari la mahudhurio." Karani alifunga rejista. "Nilidhani unajua. Inakungoja wewe."

Miezi saba. Mtafiti alikaa kwenye ngazi ya saruji ya masjala, akalia kwa sauti, na watu wa mapokezi wakampisha. Kisha akampigia simu mdogo wake. Alipokea wifi yake, mke wa Bonge, akasema afadhali umepiga, wifi, tuko hospitali tangu jana, macho yamebadilika.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na dirisha moja lililokwama. Daktari wa zamu alikuwa ameshaona picha: mirija ilikuwa imeziba, na palipoziba palikuwa na saratani ambayo haikuanza jana wala juzi. Mtafiti alivuta stuli, akamweleza mdogo wake yote, kuanzia kichupa hadi losheni. Hakuruka kitu. Mchana huohuo, karani aliandika baadaye, vema ya mwisho ilivuka.

Bonge alisikiliza akiangalia dari. "Ulijua lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu." Alifikiri. "Mwezi wa tatu nilikuwa na nguvu mimi. Nilibeba kabati peke yangu."

"Nisamehe."

"Usinikimbize, dada. Ngoja kwanza nikasirike." Muuguzi akapita, akabadilisha chupa ya maji, akaondoka. Ndipo Bonge akauliza: "Na wanangu?"

Binti zake walikuwa wawili, mmoja kidato cha pili, mwingine darasa la sita. Mashine ya kusoma herufi ile ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya utafiti. Njia ya kupimwa ilikuwa kuwa mshiriki. Mtafiti alikuwa amekuja na fomu mbili kwenye mkoba, za toleo jipya lililopitishwa na kamati wiki iliyotangulia ili usumbufu wa masjala usijirudie.

Bonge aliinuliwa, akaegemezwa mito miwili. Safari hii hakumsukumia dada yake karatasi. Alichukua kalamu mwenyewe kwa vidole vyake vya manjano, akasoma swali la kwanza hadi la nane kwa sauti, akaligeuza jani, akatazama nyuma, akaligeuza tena.

"Vema naweka wapi?"

"Swali la tisa wameliondoa," dada yake alisema. "Hakuna pa kuweka. Ni sahihi tu. Lakini nitakwambia, naapa, nitakwambia mimi mwenyewe."

"Utaniambia mimi? Nitakuwepo?"

Mtafiti alimshikia karatasi isiteleze. Bonge alimtazama kidogo, kisha akatia sahihi mara mbili, mara moja kwa kila binti.