Mate ya Mzee

"Nini hiyo umeweka hapo?"

Kasyoki hakuinua kichwa. Spidomita ya Pijo 404 ilikuwa imelala kwenye kitambaa bila kioo, rangi ya tarakimu zake imebambuka kama matope ya bwawa wakati wa kiangazi. Pumzi moja ya haraka na tarakimu ya arobaini ingepeperuka.

"Ni mate, mzee," alisema polepole, pamba mkononi. "Petroli itakula rangi. Maji haitoi hii vumbi. Mate inatoa."

Mzee Nzau aliinuka. Tangu asubuhi alikuwa ameketi mlangoni mwa kibanda hiki cha Mwingi akichunga vidole vya msichana huyu fundi, maana aliambiwa mafundi huiba mita za zamani na kurudisha za bandia. Sasa alikuwa ameona kitu kibaya kuliko wizi.

"Unatemea gari yangu? Gari ya kubeba mtoto wangu Jumamosi akiolewa? Mate ni ya mzee, akibariki. Ya msichana sijui hata mama yake, hiyo ni uoi!"

Ng'ambo ya barabara, Leyla wa chai aliacha kumimina. Uchawi ukishatajwa sokoni haurudi. Kasyoki alijua hakuna mtu angemletea tena hata saa ya ukutani.

"Mama yangu ni Syokau wa Kalamba."

"Masyokau ni wengi. Lete mita yangu."

"Ukiibeba hivi, tarakimu zitaisha njiani."

"Ziishe!"

Akanyoosha mkono. Upepo wa mkono wa koti uliinua sabini, ikazunguka hewani, ikatua juu ya kidole gumba chake, nyeupe, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Mzee akaganda.

"Usitingishike," Kasyoki alinong'ona. Kisha akachukua pamba safi, akamnyooshea. "Basi lowesha wewe, mzee. Mtoto ni wako."

"Mimi nimeokoka. Mambo ya kutemea niliacha."

"Sijasema ubariki. Nimesema pamba iloe."

Nzau alimtazama, akatafuta mtego usoni mwake, hakuuona, na bado hakuamini. Alichungulia nje. Leyla alikuwa bado anaangalia. Akaupa mlango mgongo na kuitia pamba mdomoni, ule mkono wenye sabini ameunyoosha mbele kama aliyebeba yai.

Kasyoki alingoja, kiganja wazi. Pamba ilikuwa imeloa kitambo, lakini midomo ya mzee ilikuwa bado inasogea.