Pipa la Tatu na Mkono wa Evelio

Katika mkoa wote wa Camagüey hakuna mwanamke anayeyajua mapipa ya kukaushia sukari kama mimi. Nayajua kwa kufagia chini yake kiwandani, na siku moja yalininyang'anya kitambaa cha kichwa. Basi, elimu yangu inaishia hapo.

Anayeyajua kweli ni mume wangu, Evelio. Pipa huzunguka kwa kasi mpaka molasi yote iitoke sukari, na likielemea upande mmoja hata kidogo, linaruka, linakula beringi zinazoshika mhimili wake, linaweza kuua mtu. Dawa yake ni chaki. Evelio alikuwa akiisogeza taratibu karibu na mhimili unaozunguka, mkono umetulia tuli, mpaka upande unaojitokeza ujipake wenyewe. Akishaiona alama, anafunga kipande cha chuma upande wa pili, na pipa linatulia kama mtoto aliyeshiba.

Msimu huu wa miwa mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Maharage meusi yakawa yanarudi sahanini kabla ya kufika kinywani.

"Mzee wangu, kama umeyachoka mapishi yangu si useme," nikamwambia. Akacheka. Mimi nikaenda kulia uani, nikavisingizia vitunguu.

Kisha pipa la tatu likaanza kuruka. Injinia Zoraida, tuliyemjua tangu akinyonya, akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Baba Evelio, nakupa siku ya leo tu. Likikataa, nakuhamishia getini ukalinde baiskeli."

Evelio akapeleka chaki. Badala ya alama moja, ikachora pete nzima. Akaushika mkono kwa mkono mwingine. Pete tena.

"Mzee, unalivisha pipa pete ya ndoa?" akapaza sauti Radamés wa boila. "Na Bi Nere yupo hapa hapa anakuona!"

"Mwache aoe," nikajibu. "Bibi harusi amfulie ovaroli, mimi nilale."

Wakacheka wote isipokuwa Evelio. Akafunga chuma kwa kukisia. Pipa likawashwa, likaruka vibaya kuliko mwanzo, watu wakakimbilia mlangoni.

Walipokwenda kula, akaniita. Alikuwa ameketi kando ya pipa lile, kiganja juu ya kifuniko cha beringi. Mapipa mengine mawili yalikuwa yakinguruma, hata sauti yake niliisikia kwa shida.

"Nere, mkono wangu hauniambii kitu tena. Weka wako hapa. Kama linalotetemeka ni pipa, basi beringi imekufa. Nitamkabili Zoraida, na getini siendi. Kama ni mimi, afadhali nikamwambie mwenyewe."

Nikaweka. Chuma kilikuwa kimetulia kabisa. Pipa lilikuwa limezimwa. Nikadhani Zoraida ndiye aliyelizima, na mume wangu, kwa ngurumo ya yale mawili, hajui. Kando ya kiganja changu, chake kilikuwa kikipigapiga kile chuma, hakikomi.

"Ni pipa, mzee wangu," nikasema. "Linatetemeka mpaka nalisikia begani. Nenda kamwambie."

Akanitazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

"Nere," akasema, "nimelizima mwenyewe kabla sijakuita."