Mdudu wa Dirisha la Yuliana

Benedicta alipofika Ukonga kumwangalia binti yake, alikuta dirisha la chumba cha kulala limefungwa kwa kamba upande mmoja, ili mtu asije akalifungua kwa kusahau. Kwenye fremu ya mbao palikuwa na tundu la skrubu iliyong'olewa zamani. Mdudu mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni alikuwa akiingiza udongo ndani ya tundu hilo, tonge baada ya tonge.

"Usimkaribie, mama," Yuliana alisema kutoka kitandani. "Anatujengea."

Miguu ya Yuliana ilikuwa imevimba hata vidole vilibanana. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na nyingine mbili zilizotangulia hazikufika hapo. Jana yake kliniki walimpima presha, wakaikuta juu, wakamwandikia rufaa ya kwenda kulazwa hospitali kubwa siku hiyohiyo. Yeye alirudi nayo nyumbani na kuiweka chini ya mto.

Aliyemzuia alikuwa mama mkwe wake, Mama Godlisten, ambaye alilelewa na bibi aliyeamini kwamba mdudu mfinyanzi akijenga katika nyumba yenye mjamzito, huwa ameilinda ile mimba. Kiota chake hakivunjwi. Na mjamzito halali nje ya nyumba hiyo mpaka mdudu azibe mlango wa kiota kwa udongo wake mwenyewe. Katika mimba mbili za kwanza hakuja mdudu yeyote. Safari hii alikuja, na Yuliana, ambaye hakuwahi kuyajali mambo hayo, aliyashika kwa mikono miwili.

"Akiziba tu, naenda," alisema. "Mie siyo mjinga, mama. Naogopa tu."

Kama ingekuwa nyumbani kwake, Benedicta angempandisha kwenye bajaji bila mjadala. Lakini hapa palikuwa kwa mkwewe. Godlisten alikuwa safarini na basi lake, na mwenye kauli alikuwa mama yake. Hata kuingia katika chumba hicho, Benedicta aliruhusiwa kwa sababu ya ugonjwa tu.

Akakaa kwenye kigoda, akamtazama mdudu. Kwao walimjua mdudu mfinyanzi vizuri: nyigu mwenye kiuno chembamba kama uzi, anayebeba buibui. Huyu hakuwa na kiuno hicho. Tena, kila aliporudi bila udongo, alikuwa na vumbi la njano chini ya tumbo.

"Mkwe," alisema walipokuwa wakichambua mchicha uani, "mbona kama huyu siye?"

"Siye nani?"

"Siye yule mfinyanzi. Nyigu habebi unga wa maua."

Mama Godlisten aliendelea kuchambua. "Anafinyanga, hafinyangi?"

"Anafinyanga."

"Basi ni mfinyanzi. Hata wewe ukikaanga maandazi, hatukuulizi kiuno." Akacheka mwenyewe, kisha akawa mpole. "Mama Yuliana, mie nami ni mjukuu wangu huyo. Kama siye, niletee jina lake. Nikijua ni mdudu mwingine, nampeleka Yuliana hospitali leo hii. Lakini siwezi kumwondoa kwa kudhani."

Kwa maneno hayo Benedicta alipata njia, au aliona kwamba amepata. Jirani alikuwa na mpwa anayesoma mambo ya wadudu chuoni na kuishi hosteli za Mabibo. Binti huyo, Munira, alikuja alasiri hiyohiyo.

"Shikamooni," alisema, na kabla ya kuketi alikuwa tayari dirishani. Alisimama pale kwa muda mrefu. "Huyu ni nyuki."

"Nyuki gani anaishi peke yake?" Mama Godlisten aliuliza. "Malkia wake yuko wapi?"

"Hana malkia, mama. Hana mzinga wala asali ya kurina. Kila jike anajenga kwake na kulisha watoto wake. Nyigu hubeba chakula cha nyama. Huyu amebeba chavua, ameishika kwa nywele za tumboni. Ni nyuki mwashi."

"Mwashi ndiyo jina lake?"

"Hilo ni la ukoo. Waashi wako wengi na wanafanana sana."

"Mie nikikuuliza jina lako, utaniambia Mtanzania?"

Yuliana alicheka kitandani, na Benedicta akafurahi kumsikia, ingawa kicheko kiliishia katika kushika kichwa.

Munira alipiga picha kwa simu, akamtumia mwalimu wake. Jibu lilikuja upesi: picha hazikutosha. Kuwatofautisha hawa ni lazima kuyaona meno yao na nywele zao kwa lenzi, na mdudu awe mkononi.

"Yaani umkamate," Benedicta alisema.

"Nimkamate, ndiyo. Na hatarudi."

Wote wawili walimtazama Mama Godlisten. Yeye aliitazama miguu ya Yuliana, akasema kwa sauti ndogo, "Kama si mfinyanzi, hakuna dhambi. Mkamateni."

Yuliana aligeukia ukutani. Munira aliweka glasi mdomoni mwa tundu, na nyuki alipotoka akajikuta ndani ya kioo. Alimwingiza katika kichupa chenye pamba iliyolowa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Benedicta alimwona akipanda ukuta wa kichupa, akiteleza na kupanda tena, mpaka akatulia. Chavua yake ilibaki imemwagika chini kama unga wa dona.

Kesho yake asubuhi Munira alipiga simu, na Benedicta akaiweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Ni nyuki mwashi, hilo mwalimu halitilii shaka hata kidogo. Lakini jina lake hasa hajalipata. Anasema anafanana na wawili walioandikwa, wala si mmoja wao. Inabidi alinganishwe na wadudu waliohifadhiwa nje ya nchi."

"Itachukua muda gani, mwanangu?"

"Miezi, mama. Na huenda asiwe na jina bado. Samahani."

Simu ilikatika. Mama Godlisten alikunja mikono kifuani.

"Kwa hiyo hana jina," alisema. "Amekufa. Na mlango uko wazi."

Hakusema kwa kukebehi. Hofu iliyokuwa usoni mwake ndiyo ileile iliyokuwa moyoni mwa Benedicta. Hofu moja ilivuta kwenda hospitali, nyingine ilivuta kubaki. Sasa hapakuwa tena na mdudu wa kuziba, na aliyemwita Munira alikuwa Benedicta.

"Twende hivyo hivyo, mwanangu," alimsihi Yuliana. "Nyuki ni nyuki."

"Mlisema mtaleta jina, mama."

Mchana, Yuliana aliposinzia, Benedicta alichota udongo penye bomba, akaukanda kwa mate kidogo na kuubandika kwenye tundu. Aliulainisha kwa ncha ya kijiti. Alijitahidi kukumbuka jinsi nyuki alivyofanya, kwa vipande vidogo vidogo, lakini udongo wake ulikuwa mwekundu na ule wa ndani ulikuwa wa kijivu. Alipogeuka, macho ya Yuliana yalikuwa wazi.

"Mama," alisema, "hata wewe unanidanganya?"

Benedicta alisimama pale akiwa na tope vidoleni. Yuliana hakukasirika. Angekasirika, ingekuwa nafuu.

Akafumba macho tena. Alipoyafumbua akasema, "Niwashieni taa."

Jua la saa tisa lilikuwa limejaa chumba kizima.

Mama Godlisten, aliyekuwa mlangoni, alilisikia lile ombi. Alitoka mbio bila viatu, akarudi na bajaji mpaka uani, na ndiye aliyemshika Yuliana kwapani. Katika lango la hospitali Yuliana alianza kutetemeka mwili mzima, meno yakigongana, na manesi wakamchukua.

Waliketi kwenye benchi, mama wawili, wakiwa na beseni na kanga. Jioni nesi alitoka.

"Mtoto tumemtoa. Ni mdogo sana, yuko kwenye mashine ya joto. Mama yake bado hajazinduka."

"Atazinduka?" Mama Godlisten aliuliza.

"Tunamwangalia."

Nesi alichukua kanga moja, akarudi ndani. Simu ya Mama Godlisten iliita. Alikuwa mwanawe, akipiga kutoka njiani. Aliitazama ikiita, kisha akamkabidhi Benedicta.

"Mama, shikamoo," Godlisten alisema huku injini ikinguruma nyuma yake. "Nimeambiwa rufaa ilitoka tangu juzi. Nini kiliwachelewesha?"

Mama Godlisten alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Benedicta aliihamishia simu sikio la pili.

"Mkeo anapumua, baba," alisema. "Endesha polepole."