Mwenye Picha Aje Mwenyewe

Karani wa dirisha la leseni na vyumba vya biashara aliitazama picha, akamtazama aliyeileta, akaitazama tena picha. Kisha akairudisha kwa ncha ya kidole.

"Dada, mwambie mwenye picha hii aje mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Basi rudi ukiwa wewe," karani akasema bila ukali, kama anayemkumbusha mwenzake kwamba ameacha mlango wazi. "Dirisha linafungwa saa nane. Chumba cha kona ndicho kilichobaki, na huyo wa mwisho kwenye foleni naye anakitaka."

Wa mwisho, muuza makava ya simu, aliinua mkono kusalimia. Foleni ikacheka.

Brashi, maana ndivyo alivyoitwa kazini na jina likamfuata mpaka nyumbani, alitoka akiwa ameishika picha yake kama mtu aliyerudishiwa noti bandia. Aibu ilimshika kwanza, kisha hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda kwa sababu karani alisema kweli. Chumba cha kona alikitaka kwa studio yake mwenyewe tangu jengo la maduka likiwa matofali tu. Kilitazama barabara, mwanga uliingia mpana tangu asubuhi, na studio ya picha bila mwanga ni stoo.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha na kusafisha nyuso kwenye studio ya mtu mwingine. Alianza enzi za wino na brashi ya manyoya, ndiko lilikotoka jina. Sasa alitumia kompyuta, lakini mkono ulikuwa uleule. Chunusi ziliondoka, macho yaliyochoka yakapumzika, mashavu ya waliougua yakajaa. Alikuwa hodari, tena hodari wa kupitiliza. Jana jioni alijipiga picha ya leseni ya duka lake, akakaa nayo kwenye kompyuta, na mkono ukaanza kazi bila kuagizwa. Ukafuta kovu la shavuni, alilolipata utotoni birika lilipommwagikia. Ukapunguza pua. Ukarefusha shingo. Hata mwanya wa meno, ambao kuna watu wangeulipia, ukauziba kama fundi anayeziba ufa ukutani. Mganga hajigangi, walisema wahenga. Huyu alijiganga mpaka mgonjwa akatoweka.

Tena ukweli usemwe, halikuwa kosa la jana. Kwenye picha zote za ukoo wao Brashi hayumo. Harusi ya mdogo wake, hayumo. Mpwa wake wa kwanza alipobebwa na ukoo mzima kwa zamu, hayumo. Siku zote alikuwa nyuma ya kamera, na watu wakadhani ni kujituma.

Aliporudi kazini alimkuta mwenye studio, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Flashi, akifuta lenzi kwa kitambaa. Flashi alijua safari ya leo ni ya nini. Hakumzuia, lakini hakufurahi pia, kwani hakuna anayefurahia kuhamwa na mkono wake wa kulia.

"Wamekataa?"

"Wanasema siyo mimi."

Mzee aliipokea picha, akaiinua kwenye mwanga. "Kazi safi," akasema. "Lakini nikuulize, binti yangu, na usinichukie. Nani atakuja kupigwa picha na mtu anayeogopa kupigwa?"

Maneno yalimwingia mpaka mfupani. Angemjibu, na mdomo alikuwa nao, lakini saa ilikuwa inakwenda. Alivuta pazia, akawasha taa, akakaa kwenye stuli ya wateja, rimoti ya kamera mkononi.

Picha ya kwanza ilitoka kama ya mtu aliyekamatwa. Ya pili kama ya mtu aliyeachiwa lakini bado anashukiwa.

Brashi alicheka mwenyewe, na hapo akakumbuka kwamba watu wa namna hii anawajua. Huwapokea kila siku, kidevu kifuani, mabega masikioni, na dawa yao anayo. Huwa hawaambii watabasamu. Huwauliza swali moja tu: kitu gani ukikishika wewe, hakiharibiki? Kisha hunyamaza. Watu huanza na mzaha, husema hakuna, na yeye hungoja. Jibu la kweli linapoanza kuja, kabla halijafika mdomoni, uso hufunguka, naye ndipo hubonyeza. Dereva wa lori, nesi, bibi harusi aliyetetemeka mpaka maua yakapukutika, wote walifunguka hivyo. Miaka yote hiyo hakuna aliyemrudishia swali, na yeye hakuwahi kujiuliza.

"Haya, mama," alijiambia kwa sauti. "Kitu gani ukikishika wewe, hakiharibiki?"

Chai, alijibu. Huo ulikuwa mzaha, akaupuuza, akangoja.

Picha nzuri? Hapana, hizo hata kompyuta inatengeneza. Alingoja tena, bila kujihurumia, kama anavyowangoja wengine. Jibu likaja taratibu. Mtu mwenye haya. Mtu mwenye haya akikaa mbele yangu, haharibiki. Alimkumbuka mjane aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho, akalia, akanawa uso, akalia tena, na Brashi akafunga mlango wa studio akamwambia kwamba mchana wote ni wao. Yule mama aliondoka na picha ambayo haikuguswa hata nukta moja, kwa sababu hapakuwa na cha kugusa. Kumbe uzuri aliokuwa akiwapa watu haukutoka kwenye kompyuta. Ulitoka kwenye subira yake na jicho lake, jicho linalomwona mtu kabla mtu hajajiona. Alikuwa nalo siku zote, na katika dunia nzima alikuwa amemnyima mtu mmoja tu.

Alifurahi. Alifurahi waziwazi, peke yake juu ya stuli, na kidole kikabonyeza.

Kwenye kompyuta mkono ulikwenda shavuni kwa mazoea. Akausimamisha. Kovu lilikuwa limepanda juu pamoja na tabasamu, na lingeondolewa, tabasamu lingekuwa la mtu mwingine. Pua ilikuwa ya baba yake na ilimkaa vizuri. Mwanya ulikuwa wazi, haumwombi mtu radhi. "Mzuri huyu," alisema, na hakuwa anatania. Akachapa.

Flashi aliichukua ikiwa bado ina joto la mashine. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Umesafisha wapi hapa?"

"Sijaigusa."

"Basi nenda," mzee akasema. "Lakini lile swali lako uniachie. Na mimi nina wateja."

"Lichukue, mzee. Kuuliza si kazi. Kazi ni kungoja."

Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Subira ndiyo sina," akasema. Akamsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mfanyakazi yeyote.

Dirisha lilikuwa bado wazi. Muuza makava ya simu alikuwa amefika mbele kabisa na kalamu ameshaitoa.

"Huyu alikuwa mbele yako, kaka," karani akamwambia, naye akasogea kwa shingo upande.

Karani aliitazama picha, akamtazama Brashi, akairudia picha. Hakuwa na haraka. Siku nyingine Brashi angegeuza shavu, au angeinamia mkoba akijifanya anatafuta kitu. Leo aliuacha uso wake palepale, taa ya ofisi ikiuangaza wote, utazamwe mpaka mwenye kutazama aridhike.

"Ndiye," karani akasema, akagonga muhuri, akamsukumia ufunguo.