Jibini Yenye Jina la Silas Pell

Babu yangu, Obadiah Wakerley, mwana wa Jethro Wakerley, alichonga mawe ya makaburi kwa sleti, lile jiwe la kijivu lipasukalo kama mbao, katika bonde letu la Leicestershire, kama babaye alivyochonga kabla yake. Hawakulewa siku ya Bwana, wala herufi yao haikupata kupinda. Mvua ya miaka mia haijafuta hata moja.

Miongoni mwa mawe ya Obadiah lilikuwamo la Silas Pell, lenye malaika aliyeota mabawa shingoni. Everard Garton, mzee wa kanisa aliyeshika ufunguo wa lango, aliling'oa pamoja na mengine, akidai kuwa yanawazuia kondoo wake kula majani makaburini. Mengine aliyaegemeza ukutani. La Silas, kwa kuwa lilikuwa pana na baridi, alilipeleka kwake akalilaza liwe meza ya kukaushia jibini.

Wiki hiyohiyo jibini zilianza kutoka na malaika upande wa chini, na jina la Silas Pell, na mwaka aliokufa. Herufi zilisomeka sawasawa, hazikupinduka kama za muhuri. Wanunuzi wa soko la mji wa Melton walizipenda.

Keziah, mjane wa Silas, alikwenda kusimama mlangoni pa Garton.

"Garton, rudisha jiwe. Miguu yangu imekwisha. Nataka kuzikwa ubavuni pa mume wangu, na pale pote sasa ni majani matupu."

"Si uwaulize kondoo, bibi? Wao wamepazunguka pote."

"Cheka tu. Unamla mume wa mtu."

"Simli, namuuza. Nikukatie kipande? Wa leo amekolea chumvi kuliko alipokuwa hai."

"Alipokuwa hai ulikuwa ukivuka barabara kumkwepa."

"Basi sasa simkwepi. Nifungie mlango, mama, unaniingizia nzi."

Kasisi aliambiwa akiwa mezani. Alisema mambo ya makaburi ni ya mzee wa kanisa, akafuta mdomo, akajikatia kipande kingine cha jibini ya Garton.

Keziah alifariki mwezi Machi. Wachimbaji walichomachoma udongo kwa mti, wasimpate Silas, wakamzika mjane upande wa kaskazini, wanakozikwa wageni. Jumatatu iliyofuata jibini za Garton zilitoka na majina mawili. Obadiah aliletewa kipande. Alivaa miwani, akalikagua jina la Keziah, ambalo hakupata kulichonga, akakiri kuwa ni mkono wake na halina kosa. Garton alipandisha bei.

Jiwe lingali kwa wajukuu wa Garton, na jibini ile huja mezani petu kila Krismasi. Nanyi wajukuu zangu, mnaoinua kisu huku mkicheka, kiwekeni chini. Someni majina yote mawili kwa sauti, ndipo mkate. Na siku ufunguo wa lango la kanisa utakapofika mikononi mwenu, asiketi mtu kula kabla jiwe lile halijarudi makaburini.