Joho Lililobanwa Mlangoni

Shujaa alikuwa amevaa chupi nyekundu juu ya suruali, na ncha ya joho lake ilikuwa imebanwa na mlango wa gari. Aliruka aende angani, akarudishwa chini puu! Majambazi watatu wakasimama kumtazama. Akajipangusa vumbi, akawaambia neno kwa Kiingereza, nao wakaangua kicheko.

"Anasema, nitawamaliza nyote kabla jua halijatua!" Menza akanguruma kwenye kipaza sauti.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wetu wa Ganda, aliwasha jenereta, akaweka kanda ya video, akasimama kando ya televisheni kututafsiria. Alitia chumvi, akatia na pilipili, na akiona sura anayoijua kwenye mabenchi, huiingiza humo humo. Watu walimpenda kwa hilo. Hata mimi nilimpenda, kabla ya mimba.

Nilipojifungua niliingia siku moja na mtoto mgongoni. Kwenye picha mtu alikuwa akitimua mbio.

"Mwoneni! Anakimbia kama mwanamume aliyebambikiwa mtoto na Priscilla!"

Kicheko cha ukumbi mzima kikaniangukia. Naye Menza akacheka kile kicheko alichorithi kwa marehemu baba yake: huvuta pumzi ndani kwanza, ikalia fyuu kama pampu ya baiskeli, ndipo kicheko kikamwagika. Mwanangu nilimwita Lewa, jina la huyo marehemu, maana kwa desturi yetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. "Majina huokotwa, dada," Menza aliniambia.

Sikulia. Nilijiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza kanisani, kwa Mwalimu Nduku. Mwaka na nusu, Lewa akinyonya, mimi nikitamka vitenzi. Watu niliwaambia nataka kazi ya hoteli Malindi, na kweli niliitaka. Lakini kila neno jipya nililinoa kama panga, kwa ajili ya mtu mmoja.

Basi siku ile ya joho nikasimama, Lewa kiunoni.

"Menza, hakusema hivyo."

"Keti, dada. Watu wanatazama."

"Amesema, 'Niwieni radhi. Nguo hii alinishonea mama, nikaona haya kumwambia hainikai.' Ndiyo maana wanacheka. Anajicheka mwenyewe! Picha nzima ni ya mzaha, wewe unatupigia vita."

Kisha Mzee Kiponda, kutoka benchi la mbele: "Ala! Kumbe miaka yote hii ulikuwa ukiyatoa tumboni mwako?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kile kile kilichoniangukia mimi. Nilikitambua. Menza alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Shujaa wa watu alijua kujicheka. Yeye hakuwahi kujifunza.

Kwenye televisheni, shujaa akaruka tena, akaanguka tena. Lewa akamwona. Akavuta pumzi ndani, fyuu, ndipo akacheka. Akarudia.

Mabenchi yakamgeukia moja baada ya jingine.

Mama Kadii, mamake Menza, alikuwa mlangoni akipokea viingilio. Tangu nijifungue hakuwa amenitazama usoni. Sasa alikuja katikati ya mabenchi, leso ikiburuta nyuma yake.

"Menza, zima mashine."

"Mama, picha haijesha..."

"Zima, nakwambia! Nimemsikia babako akicheka."

Jenereta ikakohoa, ikafa. Mama Kadii akasimama mbele yangu.

"Anaitwa nani, mwanangu?"

Mwaka na nusu nilikuwa nikilingoja swali hilo.

"Lewa wa Menza," nikasema, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho.

Akanyoosha mikono. Menza alikuwa akiitazama sakafu.

Nikahesabu hadi kumi, polepole, kwa Kiingereza. Ndipo nikampa.