Bawaba ya Tyubu

"Usinipandishie sauti, Ansbert! Nimesema mama haendi!"

"Kwani mama ni wako peke yako? Mlango wa gari umeisha, dada! Shuka chini uone, unanyanyuka kwa kidole kimoja!"

"Mlango, mlango! Kila siku mlango! Mama ni mtu, siyo robota la vitenge!"

Ansbert alikuwa kasimama katikati ya chumba, ghorofani pale Mtaa wa Sikukuu, gundi imemkaukia hadi kwenye nyusi. Dada yake Severa alikuwa kafunga duka mchana kweupe, Desemba hii, Kariakoo imefurika wateja. Hapo ujue hasira ni ya kweli. Mama yao alikuwa kitandani, kawageuzia mgongo.

Ishu yenyewe hii. Mama hawezi kukaa tangu ugonjwa wa uti wa mgongo umshike. Kupanda basi ndo usiseme. Na anataka kwenda kwao, Kibosho. Siyo ile ya Wachaga wote kuondoka Bongo sikukuu, watu wakiwatania wanaenda kuhesabiwa. Anataka kumwona dada yake, Victoria. Wamenuniana tangu msiba wa baba yao, kisa kihamba, lile shamba la urithi.

Ansbert ni fundi wa siti za magari, Gerezani. Akachukua kirikuu chake, kale kapikapu, akakajengea kibanda nyuma. Plaiwudi nyembamba, godoro, kadirisha. Injini yenyewe ya kuungaunga, vilima kibao, kwa hiyo kila kitu kiwe chepesi.

Mlango wa nyuma ndo ulimtesa. Bawaba za chuma zikapasua plaiwudi. Akajaribu turubai, likavujisha. Mwisho akakata tyubu ya lori iwe ndo bawaba, utepe mmoja wa upana wote wa mlango, akaukwangua na msasa, akapaka gundi. Hapo mafundi wengi wanachemka, wanabandika gundi ikiwa mbichi. Yeye akakaa anaigusagusa mpaka ikaacha kunata, ndo akabana. Mlango ukawa unafunguka kimya, haugongi, hauvuji. Halafu akajilaza humo ndani, akamwambia mshkaji aendeshe kwenye matuta, ajue mgongo wa mama utasikia nini.

"Daktari alikataa," Severa akasema. Sauti ilikuwa imemshuka ghafla. "Safari yoyote. Hata ndege. Alisema Chalinze tu hafiki."

"Lini?"

"Ulikuwa hujanunua hata plaiwudi."

Ansbert akacheka, kile kicheko kibaya. "Ukaniacha nakata matyubu kama chizi?"

"Siyo mimi."

Mama akajigeuza. Ilichukua muda, na wote wawili walijua wasimsaidie.

"Ni mimi nilimwambia akuache, baba," akasema. "Ulikuwa unakaa hapo chini unalia, chakula hugusi. Ulivyoanza kibanda, ukaanza kula."

Barabarani machinga alikuwa anaita wateja, kila kitu jero, jero.

"Severa, lete lile jani."

Severa akatoka barazani, kwenye ndoo mama alikopanda isale, akarudi na jani moja refu, kalifunga kitambaa kibichi.

"Mchaga akiletewa isale hakatai kusamehe," mama akasema. "Mpelekee Victoria. Mwambie kihamba ni chake, na yale maneno ya msibani nayarudisha mdomoni mwangu."

"Mpelekee mwenyewe! Nimekutengenezea..." Ansbert akaliangalia lile jani. "Mama, nikirudi nisikukute je?"

"Najua. Ila Victoria naye ni mzee. Nenda leo."

Ansbert akapiga magoti pembeni ya kitanda. Mama akamshika mkono, akawa anabandua gundi kwa kucha. Haikutoka.

"Godoro uliloweka, ni laini?"

"Laini, mama."

"Basi ukichoka njiani, lala humo. Usiendeshe na usingizi."

Ansbert akachukua jani. Severa alitaka kumkumbatia, Ansbert akampita, halafu akarudi akamkumbatia yeye, vibaya vibaya, kama watu wanaogombana. Akatoka.

Akasimama nje, mkono kwenye kitasa, mlango wa chumba bado wazi kidogo.

"Kaenda?" mama akauliza ndani.

"Bado. Kasimama hapo."

"Usimwangalie."

Ansbert akauvuta mlango, ukafungika.